Faida Itokanayo na Usahaulifu: Swali la Haki katika Biashara ya Kampuni za Simu

Tangu zamani, wanafalsafa na wanazuoni wa sheria za dini wamezoea kuvigawa vitu vinavyouzwa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la vitu ambavyo mnunuzi huvibeba na kuondoka navyo, kama mchele, kanga au bati, na fungu la pili ni la manfaa, yaani matumizi ya kitu ambacho chenyewe hubaki kwa mwenyewe, kama chumba cha kupanga, punda wa kukodi au kazi ya fundi. Biashara ya simu ilikaa muda mrefu kwa utulivu katika fungu hili la pili: kampuni ilikuwa na nyaya, baadaye minara, na mteja alilipia muda wa kuongea, dakika kwa dakika, kisha sekunde kwa sekunde. Uchumi wa intaneti umeuvuruga utulivu huo. Kinachouzwa leo kwa wingi ni data, yaani habari za kila namna zinazosafirishwa mtandaoni, nayo hupimwa kwa megabaiti, kipimo ambacho mnunuzi wa kawaida hawezi kukiona, kukishika wala kukihakiki kwa mizani yoyote iliyo mikononi mwake. Hapo ndipo swali ambalo kwa kawaida huachiwa wahasibu na wahandisi linapogeuka kuwa swali la maadili: kampuni ya simu inayotafuta njia mpya ya kujipatia riziki ina haki ya kupata faida kwa kitu gani?

Kwamba njia mpya inatakiwa si jambo la kubishaniwa. WhatsApp ilianza mwaka 2009, na ilipofika mwaka 2014 Facebook ikakubali kuinunua kwa bei iliyotangazwa kuwa dola bilioni 19 za Marekani. Katika kipindi hicho ujumbe mfupi wa maandishi, uliokuwa ukiuzwa mmoja mmoja kwa bei isiyolingana hata kidogo na gharama ya kuusafirisha, ulianza kuwaponyoka wauzaji wake nchi baada ya nchi, na simu za kimataifa zikafuata. Katika pwani ya Afrika Mashariki, nyaya za baharini za SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010 zilizifungulia Mombasa na Dar es Salaam mlango mpana wa intaneti ya dunia, ambayo awali ilifikiwa kwa setilaiti kwa gharama kubwa. Matokeo yake ni kwamba kampuni zilizokuwa zikiuza mazungumzo zimejikuta zikiuza njia tu, huku mazungumzo yenyewe, picha, muziki na matangazo ya biashara vikiwa mikononi mwa wengine. Kuuza njia ni kazi ya heshima, lakini faida yake ni ya kawaida, na wenye hisa waliozoea faida ya zamani hawairidhii kwa urahisi. Kwa hiyo mapato yametafutwa pembezoni mwa njia: katika vifurushi vyenye ukomo wa muda, katika pesa za simu, katika mikopo midogo ya salio na ya fedha, na katika habari za wateja wenyewe.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mapato hayo hayana hukumu moja, na kwamba kipimo cha kuyatenganisha kipo, tena ni kipimo ambacho mapokeo ya Kiislamu, ya Kikristo na ya falsafa yanakifikia kila moja kwa njia yake. Faida ni ya haki ikiwa ingebaki vilevile hata kama mnunuzi angejua kila ambacho muuzaji anakijua na kukumbuka kila ambacho muuzaji anakikumbuka. Faida inayoyeyuka mara tu mnunuzi anapojua au anapokumbuka haikutokana na huduma. Ilitokana na kutojua kwake au kusahau kwake, na vitu hivyo viwili havijawahi kuwa mali ya muuzaji hata aviuze.

Kifurushi cha siku ndicho mahali pazuri pa kukijaribia kipimo hiki, kwa kuwa ndicho wanachokinunua watu wengi wenye kipato cha kutwa. Mteja hubonyeza namba fupi inayoanza kwa nyota na kuishia kwa alama ya reli, hupita katika orodha ya machaguo, huchagua kifurushi cha saa 24, na shilingi zake huondoka katika salio papo hapo. Ujumbe unaomrudia humweleza dakika, meseji na megabaiti alizopata, pamoja na saa ambayo vyote vitakwisha. Kuanzia hapo kuna mambo mawili yanayokimbizana: megabaiti zinazopungua kadiri anavyotumia, na muda unaopungua atumie asitumie. Jioni ikifika na kazi zikiwa zimemzuia kuishika simu, hana budi kuchagua kati ya kufungua video asizozihitaji ili bando lisiende bure, na kulala akikiacha alichokilipia kifutwe usiku. Kinachofutwa hakirudi kwa mnunuzi wala hakiendi kwa mtu mwingine; thamani yake imekwisha kubaki kwa muuzaji.

Kampuni zina jibu, na jibu hilo linastahili kusikilizwa kwa ukamilifu. Uwezo wa mtandao, yaani kiasi cha data kinachoweza kupita katika mnara kwa sekunde moja, hauwekwi ghalani: nafasi ambayo haikutumika saa nane usiku imepotea, na hakuna mhandisi anayeweza kuirudisha saa mbili asubuhi watu wanapoihitaji. Gharama kubwa ya mtandao haiko katika megabaiti moja moja, bali katika kujenga minara na mitambo ya kutosheleza saa za msongamano. Kwa hiyo, husemwa, ukomo wa muda humsaidia mtoa huduma kukadiria msongamano, na ndio unaowezesha kifurushi cha siku kuuzwa kwa bei ya chini kuliko kile kisicho na ukomo. Maelezo haya ya kihandisi ni ya kweli. Lakini yakifuatwa hadi mwisho yanaigeukia kampuni yenyewe, kwa maana kama gharama iko katika msongamano, basi mteja ambaye hakutumia hakuongeza gharama yoyote, na megabaiti aliyoiahirisha hadi kesho haikukaa mahali popote ikilipiwa pango. Kilichopotea ni nafasi ya mnara ya usiku ule, ambayo ingepotea hata kama mteja huyo asingekuwapo duniani. Fedha yake haikupotea. Ipo, na inajulikana ilipo.

Wanazuoni wa Kishafi, ambao vitabu vyao ndivyo vilivyosomeshwa kwa vizazi vingi katika madarasa ya Lamu, Mombasa na Unguja, walikwisha kukutana na umbo la tatizo hili muda mrefu kabla ya umeme. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, anaeleza katika Minhaj at-Talibin kwamba manfaa katika ijara, yaani mkataba wa kukodi kitu au kuajiri mtu, hukadiriwa kwa njia moja kati ya mbili: ama kwa muda, kama nyumba kwa mwaka mmoja, au kwa kazi, kama mnyama wa kumfikisha msafiri Makka au nguo fulani kushonwa. Mtu akizijumuisha njia zote mbili, kwa mfano akamwajiri fundi aishone nguo hiyo kwa sharti kwamba iwe ndani ya mchana mmoja, mkataba hausihi kwa kauli ambayo Nawawi anaiona kuwa sahihi zaidi. Sababu yake ni gharar, yaani mashaka yanayomfanya mmoja wa wenye mkataba asijue hasa anapata nini: kazi inaweza kwisha kabla ya siku, au siku ikaisha kabla ya kazi, na hapo haijulikani ni kipi kati ya viwili hivyo kilicholipiwa.

Si haki kuichukua hukumu hiyo na kuibandika juu ya kifurushi bila kufikiri. Kwanza, si wanazuoni wote walioafikiana. Abu Yusuf na Muhammad ash-Shaybani, wanafunzi wakubwa wa Imam Abu Hanifa wa madhehebu ya Kihanafi, walitofautiana na mwalimu wao na kuruhusu muda na kazi vitajwe pamoja, wakiuchukulia muda kuwa ni himizo la kuharakisha. Pili, katika mfano wa fundi, anayekimbizana na muda ni mtenda kazi, ilhali katika kifurushi ni mlipaji. Hata hivyo tofauti hii ya pili haiipunguzii hoja uzito, bali inaiongezea. Kumhimiza aliyeahidi kazi ili aitimize ni jambo linaloeleweka; himizo hilo likihamishiwa kwa aliyekwisha kulipa hugeuka kuwa sharti la kumwondolea alichokinunua, na hata mwenye kufuata rai nyepesi zaidi ya wanazuoni ana kazi ngumu ya kulitetea.

Kinachofuata si kwamba vifurushi vyote ni batili. Kinachofuata ni kwamba muuzaji achague. Auze muda kama muda, yaani mtandao wa siku au wa mwezi kwa kasi iliyotajwa wazi, utumike kiasi chochote, na siku ikiisha hakuna aliyedhulumiwa kwa kuwa kilichokodiwa ni siku. Au auze kipimo kama kipimo, kikae hadi kitumike. Njia zote mbili zimekwisha kujaribiwa sokoni. Intaneti ya nyumbani ya faiba, yaani nyaya za kioo zinazobeba mwanga, huuzwa kwa kawaida kwa mwezi na kwa kasi, na mteja hahesabu megabaiti. Mnamo Oktoba 2019 Safaricom ya Kenya ilianza kuuza data isiyo na ukomo wa muda, na kampuni haikuanguka. Afrika Kusini, kanuni za ICASA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini humo, zilizoanza kufanya kazi mwaka 2019, ziliwataka watoa huduma wamwezeshe mteja kusogeza mbele data iliyobaki na kuihamishia kwa mtu mwingine, na wamjulishe anapofikia asilimia 50, 80 na 100 ya matumizi yake.

Huenda ikasemwa kwamba hakuna anayedanganywa, kwani ukomo umeandikwa na mteja amekubali kabla ya kubonyeza namba ya mwisho. Jibu la utetezi huo limo katika vitabu vya hesabu. Kiwango cha Kimataifa cha Taarifa za Fedha namba 15, kilichoanza kutumika Januari 1, 2018, kinazungumzia haki ambazo mteja amezilipia lakini hatazidai, na kinaielekeza kampuni inayotarajia kunufaika na haki hizo ikadirie kiasi chake na kukiingiza katika mapato kadiri wateja wanavyozitumia haki zao nyingine. Kiwango chenyewe hakina kosa. Kazi ya mhasibu ni kueleza hali ilivyo, na hali ilivyo ni kwamba sehemu fulani ya kinachouzwa haitatumika. Ila kinachofunuliwa hapo ni kizito, kwa sababu kinaonyesha kwamba usahaulifu wa mteja si ajali machoni mwa muuzaji. Ni kiasi kinachokadiriwa mapema, kwa takwimu za mamilioni ya wateja, na kinachoweza kuongezeka au kupungua kwa kubadili tu ukubwa wa kifurushi na urefu wa muda wake. Pande mbili zinapokubaliana, mmoja akijua kwa wastani mwenziwe ataacha kiasi gani na mwingine akidhani hataacha kitu, ridhaa ipo kwa sura yake, lakini elimu ambayo ridhaa hujengwa juu yake iko upande mmoja. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika sehemu ya kitabu chake Ihya inayohusu adabu za kuchuma, anamtaka muuzaji asiisifu bidhaa kwa sifa isiyokuwa nayo, asifiche kasoro zake, asifiche chochote kuhusu uzito na kipimo chake, na asifiche katika bei jambo ambalo mnunuzi angelijua angejizuia kununua. Sharti hili la mwisho ndilo linaloigusa biashara ya vifurushi moja kwa moja. Kampuni ambayo ingemwambia mteja wake, kabla hajabonyeza, kwamba watu wa aina yake kwa kawaida huacha sehemu fulani ya kifurushi hiki bila kuitumia, ingekuwa imelitimiza, na ingegundua kwa haraka ni vifurushi vipi vilivyokuwa vikiuzika kwa ubora na vipi kwa kutojulikana.

Swali la kifurushi linaambatana na swali la nani hulipa zaidi. Mwaka 2016 wananchi wa Afrika Kusini walianzisha kampeni mitandaoni wakitaka bei ya data ishuke, na mwezi Desemba 2019 Tume ya Ushindani ya nchi hiyo ilitoa ripoti ya mwisho ya uchunguzi wake ikieleza kwamba wanunuzi wa vifurushi vidogo walikuwa wakilipa bei kubwa zaidi kwa kila megabaiti kuliko wanunuzi wa vifurushi vikubwa, na ikaita hali hiyo upangaji bei unaowaumiza maskini. Baada ya makubaliano na tume hiyo, Vodacom ilishusha bei ya gigabaiti moja ya siku 30 kutoka randi 149 hadi randi 99 kuanzia Aprili 2020. Ni kweli kwamba kuuza kidogo kidogo kuna gharama zake, na muuza duka wa mtaani anayefungua mfuko wa sukari na kuipima robo robo ana haki ya malipo ya kazi hiyo. Lakini kuikata data vipande vipande hufanywa na mtambo ambao hauchoki wala hauhitaji mifuko.

Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa Kikristo wa karne ya 13, katika Summa Theologiae, kwenye sehemu anayojadili udanganyifu katika kuuza na kununua, anaweka mpaka ambao bado una nguvu. Muuzaji ambaye atapata hasara ya pekee kwa kuachana na kitu chake anaweza kuifidia hasara hiyo katika bei. Lakini ikiwa ni mnunuzi ndiye mwenye haja kubwa, na muuzaji hapotezi chochote cha ziada, haifai kupandisha bei kwa sababu ya haja hiyo, kwani haja ni hali ya mnunuzi na si mali ya muuzaji, na hakuna awezaye kuuza kisicho chake. Anayenunua megabaiti chache kwa siku hafanyi hivyo kwa kupenda uchache. Hanunui zaidi kwa sababu fedha ya mwezi mzima haijawahi kukaa mkononi mwake kwa pamoja. Kumtoza zaidi kwa sababu hiyo ni kuuza umaskini wake kwake yeye mwenyewe. Watanzania waliolalamika kwa sauti kubwa mwanzoni mwa Aprili 2021, pale bei mpya za vifurushi zilipoanza kutumika kisha zikasimamishwa mara moja na mamlaka, hawakuhitaji kumsoma mwanateolojia wa karne ya 13 ili kuhisi kwamba kuna mpaka uliovukwa.

Mpaka huo huo unavukwa kwa urahisi zaidi katika mikopo. Mteja aliyeishiwa salio usiku hukopeshwa muda wa maongezi, na akiweka fedha hukatwa deni pamoja na ada. Katika huduma ya Okoa Jahazi ya Kenya ada hiyo imekuwa asilimia 10. Mafaqihi, yaani wanazuoni wa sheria za Kiislamu, wanaoulizwa kuhusu jambo hili hutofautiana kulingana na wanavyoliona salio. Anayeliona kuwa ni manfaa yanayouzwa, yaani haki ya kupiga simu, husema kwamba kuuza kwa mkopo kwa bei iliyo juu kidogo ya bei ya taslimu kunajuzu, mradi bei ijulikane tangu mwanzo na isipande kwa kuchelewa. Anayeliona kuwa limekuwa kama fedha, kwa vile linarushwa kwa mtu mwingine na kulipia bidhaa nyingine, huiona ada hiyo kuwa riba, yaani ziada juu ya deni la fedha. Katika mikopo ya pesa yenyewe shaka hiyo haipo. M-Shwari, iliyoanzishwa Kenya mwishoni mwa mwaka 2012, ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30 na kuiita ada, na Fuliza, iliyoanza mwaka 2019, humwezesha mtu kutuma pesa asizokuwa nazo na kutozwa kadiri deni linavyokaa. Jina la ada halibadilishi maana ya tendo, na ni jambo la kuheshimika kwamba mwaka 2023 Safaricom na benki ya Gulf African walileta Halal Pesa kwa ajili ya wateja wanaotaka kuepuka riba, kwa sababu angalau walikiri kwamba swali lipo. Lakini uzito wa kimaadili hauishii kwenye muundo wa mkataba. Mkopo unaopatikana kwa sekunde chache, bila mtu wa kumwuliza mkopaji ana haja gani, humfikia mtu hasa wakati ambao hana nafasi ya kupima, na faida inayotegemea haraka ya mtu ni ndugu wa faida inayotegemea usahaulifu wake.

Upande wa pesa za simu una mfano mmoja ambao unastahili kukumbukwa kwa uzuri. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, fedha halisi zinazolingana na masalio ya wateja zimekuwa zikihifadhiwa benki katika akaunti za amana, yaani akaunti zinazosimamiwa na mdhamini kwa niaba ya wenye mali. Kila mtu ana kidogo, lakini kidogo cha mamilioni ya watu kikilala benki huzaa, na swali likawa ni nani mwenye mazao hayo. Kenya yalielekezwa kwenye shughuli za hisani. Tanzania, Septemba 2014, Tigo iliyagawa kwa wateja wenyewe wa Tigo Pesa, zaidi ya dola milioni 8 kwa mkupuo wa kwanza, kila mmoja kulingana na masalio yake na jinsi alivyoitumia huduma hiyo. Mwislamu anaweza kuwa na la kusema kuhusu asili ya fedha hizo kwa kuwa zimetokana na riba ya benki, na wapo wenye msimamo huo. Lakini kuhusu suala la umiliki, tendo hilo lilisema jambo la kweli: mwenye kuwekewa amana hageuki mmiliki wa kinachozaliwa nayo kwa sababu tu mwenye mali hakujua kwamba inazaa. Hiyo ni biashara iliyokubali kujaribiwa kwa elimu kamili ya mteja, na haikupungukiwa wateja kwa kufanya hivyo.

Kuna amana nyingine ambayo ni vigumu zaidi kuihesabu. Kampuni ya simu inajua mtu amelala karibu na mnara gani, anampigia nani, anampelekea nani pesa na siku gani huishiwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zimeweka mipaka, lakini kishawishi cha kuzifanya habari hizo kuwa bidhaa kitazidi kukua, kwa sababu ndizo zilizowatajirisha wenye mitandao ya kijamii, na kampuni za simu zinaambiwa kila siku ziwaige. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, alitenganisha vitu vyenye bei, ambavyo kingine chaweza kuwekwa badala yake, na kile chenye utu na heshima, ambacho hakina badala. Mwenendo wa maisha ya mtu, yaani nani anampenda na wapi anasali, hauna badala. Kampuni inayoutumia ili simu ifike inatekeleza kazi iliyoombwa. Ikiuchukua na kuuuza kwa mtangazaji inamfanya mteja kuwa mzigo unaosafirishwa katika njia ambayo yeye mwenyewe ameilipia.

Kuhusu madai kwamba wakubwa wa intaneti, kama Google na Netflix, wachangie gharama za mtandao, hoja ni fupi zaidi kuliko kelele zake. Korea Kusini, kampuni ya intaneti ya SK Broadband na Netflix walishtakiana kwa miaka kadhaa hadi wakapatana mwaka 2023, na kampuni kubwa za simu za Ulaya zimedai jambo hilo kwa nguvu. Lakini anayetazama sinema amekwisha kuilipia kampuni ya simu kila megabaiti inayomfikia, na kumtoza mtumaji kwa mzigo ambao mpokeaji ameshaulipia ni kuuza kitu kimoja mara mbili. Uganda ilipoweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii mwezi Julai 2018, ilionekana ni nani hasa hubeba mzigo wa mabishano kama haya: mtumiaji.

Pingamizi lenye nguvu zaidi dhidi ya yote haya halitoki kwa wenye hisa bali kwa mtu anayewajali maskini. Mapato yatokanayo na data isiyotumika, atasema, ndiyo yanayoshusha bei ya kifurushi kwa kila mtu. Yakiondolewa, bei itapanda, na aliyekuwa akinunua bando dogo na kulitumia hadi tone la mwisho ataumia. Hilo linaweza kuwa kweli, na hakuna sababu ya kulificha. Ila maana yake ni kwamba leo mteja mmoja anapunguziwa bei kwa fedha ya mteja mwingine ambaye hajui kuwa anatoa, na huyo asiyejua mara nyingi ni mtu asiye na kipato cha uhakika, ambaye hununua siku ambayo fedha ipo na si siku ambayo haja ipo. Kumsaidia asiyejiweza ni wajibu, lakini msaada una njia zake za wazi. Tanzania ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, ambao makampuni huuchangia ili huduma ifike vijijini ambako biashara peke yake isingefika. Msaada unaotolewa hadharani kwa kiasi kinachojulikana unaweza kuongezwa, kupunguzwa na kuhojiwa bungeni. Ule unaopita katika usahaulifu wa watu hauwezi kuhojiwa, kwa kuwa wanaoutoa hawajui kwamba ni watoaji.

Linabaki suala la marehemu, ambalo kwa udogo wake linaweza kuonekana halina uzito, ingawa mapokeo ya dini hayaoni mali yoyote ya maiti kuwa ndogo mno kwa mirathi. Mtu akifa, pesa zilizomo katika akaunti yake ya simu zinatambulika kuwa mali. Warithi wanaweza kuzidai kwa kupeleka hati zinazotakiwa, na Kenya, kwa Sheria ya Mali za Fedha Zisizodaiwa ya mwaka 2011, pesa zilizokaa muda mrefu bila mwenyewe hupelekwa kwa mamlaka maalumu inayozihifadhi hadi mwenye haki ajitokeze. Lakini salio la muda wa maongezi na bando vilivyobaki katika laini hiyo hiyo, vilivyonunuliwa kwa fedha zilizotoka katika mfuko huo huo, hufutika laini inapofungwa kwa kutotumika, na baadaye namba hupewa mtu mwingine. Hakuna kanuni ya mirathi, iwe ya Kiislamu, ya kimila au ya serikali, inayoweza kueleza kwa nini shilingi iliyobaki upande mmoja wa laini ni ya mjane na watoto, na ile iliyovuka upande wa pili jana yake ni ya kampuni. Mfumo unaoweza kukata salio kwa sekunde unaweza pia, siku ya kuifunga laini, kuyageuza masalio yaliyobaki kuwa fedha kwa bei yaliyonunuliwa na kuyaingiza katika akaunti ya pesa ya marehemu, ili yafuate njia moja na mali yake nyingine hadi kwa warithi wake.